Kijidudu ndani ya chembe nyekundu ya damu si lazima kiwe cha malaria

Mfugaji akiona ng'ombe anakojoa mkojo mwekundu kama chai ya rangi, anajua hiyo ni kazi ya kimelea kinacholetwa na kupe. Mwambie kwamba kupe anaweza kumwambukiza hata mtu kimelea cha ukoo huohuo, babesia, atacheka: hayo ni mambo ya zizini. Sivyo.

Mtu wa kwanza kuugua babesia aliripotiwa mwaka 1957, mfugaji wa karibu na Zagreb, Kroatia ya leo, aliyekuwa ameondolewa wengu, kiungo kinachochuja damu. Basi watu wakajifariji kwamba asiye na wengu ndiye wa kuogopa. Mwaka 1969, kisiwani Nantucket, Marekani, akaugua mtu mwenye wengu wake kamili. Kule kimelea hukaa kwenye panya wa porini, na kupe mchanga anayekisambaza ni mdogo kama mbegu ya mchicha. Wengi hawakumbuki hata kuumwa na kupe.

Homa, baridi, jasho, uchovu: nani hatasema malaria? Hata chini ya hadubini vimelea vyake vyenye umbo la pete hufanana na vya malaria kali. Mpimaji makini hutafuta vimelea vinne vilivyoshikana mfano wa msalaba, tena bila ile rangi ya kahawia ambayo malaria huiacha.

Tiba nayo ni nyingine, kwa kawaida atovakwoni pamoja na azithromaisini. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Marekani, jimbo la Massachusetts au Connecticut, akishikwa na homa kiangazi, amweleze daktari alikopita, vichakani pia. Na asichangie damu kwanza. Kimelea hiki hupitia humo vilevile.