Kidonda cha BCG: jamani toeni hiyo dawa ya meno

Wiki hii nimempokea wa tatu kwa mwezi huu. Mtoto wa wiki saba, kanenepa vizuri, anacheka, kaja na mama yake na bibi yake, bega la kulia limebandikwa plasta. Nikaibandua taratibu na maji maana ilishagandia, chini yake kuna dawa ya meno, chini ya dawa ya meno kuna unga wa kidonge cha rangi mbili, na chini ya yote hayo kuna kidonda kidogo cha BCG, ile chanjo ya kifua kikuu (TB), kilichokuwa kinajikalia zake bila shida na mtu. Bibi akaniuliza kwa upole, ule upole wa mtu ambaye ameshakuhukumu, "Nesi, mlimchoma na nini mjukuu wangu?"

BCG, bibi. Na hicho kidonda ndio BCG yenyewe ipo kazini.

Sasa nimechoka kulielezea hili kwenye benchi mtu mmoja mmoja, naandika hapa, wenye magrupu ya wazazi lichukueni.

BCG ni bakteria hai. Sio kipande cha bakteria, ni wazima kabisa, ndugu wa TB ya ng'ombe, ambao Calmette na Guérin kule Lille Ufaransa kuanzia 1908 waliwaotesha na kuwahamisha mara 230 mpaka wakapoteza ukali, mtoto wa kwanza akapewa 1921. Kwa mtoto mchanga tunaweka 0.05 ml tu, ndani ya ngozi yenyewe sio kwenye nyama, ndio maana pale pale kinainuka kiuvimbe cheupe kama kaumwa na mbu, muda mfupi kimepotea. Alafu kimya. Mama anasahau. Wiki ya pili, ya tatu, wengine mpaka ya sita, kinatokea kipele, kinajaa usaha, kinapasuka, kinafanya kigaga, kigaga kinadondoka, kinarudi tena, na kufunga kabisa inaweza kuchukua miezi miwili mpaka mitano. Ndio, mitano. Hapo ndipo linabaki lile kovu ambalo wazee wengine mpaka leo wanaliita ndui, japo ndui yenyewe ilitangazwa kuisha duniani 1980.

Kinachonikera sio dawa ya meno, kinachonikera ni hii sentensi: "kimetoa usaha, kwahiyo sindano ilikuwa chafu". Watu wanaisema kama vile usaha ni cheti cha uchafu. Usaha ni mabaki ya seli za mwili zilizokuwa zinapambana, basi, hausemi zilikuwa zinapambana na nani. Wa kukujibu ni kalenda. Sindano ikiingiza uchafu haisubiri mwezi mzima, ndani ya siku chache tu panavimba, panakuwa pa moto, mtoto anapata homa, ukigusa analia. BCG inachelewa kwasababu kinga inayoamshwa pale ni ya zile seli zinazojifunza polepole, zinahitaji wiki kadhaa kumtambua mgeni, zikishamtambua zinajaa pale pale alipo na ngozi inachanika. Kwahiyo ukiniletea mtoto mwenye kidonda begani, swali langu la kwanza sio kinauma kiasi gani, ni kadi iko wapi. Tarehe ya chanjo na mahali alipochomwa vinanipa jibu kabla sijavaa glavu. (Wasomaji wa Kenya, kwenu ni mkono wa kushoto chini ya kiwiko, msije mkatafuta begani mkanitukana.)

Cha kufanya: maji safi na sabuni ya kawaida wakati wa kuoga, kausha kwa kugusa sio kusugua, mvalishe kitu kisichobana. Kikivuja weka kitambaa safi kikavu juu yake, usikibane na plasta ya kuzuia hewa. Usikamue. Usiweke spiriti, GV, majivu, maziwa ya mama, mafuta ya nazi wala unga wa kidonge chochote, na hapo kwenye unga wa rangi mbili naomba nisimame kidogo maana kuna mtu wa duka la dawa anauza hivyo vidonge vya antibayotiki kwa kina mama bila kuuliza mtoto ana umri gani. Antibayotiki za kawaida hazikifupishii siku hicho kidonda. Unachopata ni bakteria wengine wanaojifunza kuizoea dawa.

Kuna tezi pia. Baadhi ya watoto wanavimba tezi kwapani upande ule ule wa chanjo, au juu ya mtulinga, haiumi, mtoto ananyonya kama kawaida. Ndogo kama harage tunaiangalia tu. Ikikua ikalainika ndani kama ina maji, mlete, daktari akiona inafaa atavuta kwa sindano. Sio kupasua! Nimeshaona mtoto aliyepasuliwa tezi ya BCG sehemu ambayo siitaji, kile kidonda kilikuwa kinatoa maji miezi na miezi, mama akawa anazunguka nacho kama kazi.

Haya, mapaja. Nitakwenda haraka. Penta, ile chanjo ya magonjwa matano kwa sindano moja, zile za wiki 6, 10 na 14, zina kifaduro cha seli nzima na chumvi ya alumini ya kuamsha kinga, kwahiyo paja kuvimba na kuuma siku ile ile au kesho yake ni kawaida, siku mbili tatu limeisha. Wengine wanabaki na kigololi kigumu ndani ya nyama, kinakaa wiki kadhaa, hata miezi, hakiumi, kiache. Kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi kinampa nafuu. Kukanda kwa maji ya moto hapana, nimeshaona paja lililoungua likaitwa "chanjo imemdhuru". Parasetamo mpe akiwa na homa au anaumwa, kwa uzito wake, usimpe kabla ya chanjo eti kujihami, kuna utafiti wa Czech wa 2009 ulioonyesha waliopewa kwa kujihami walitengeneza kinga kidogo kuliko wenzao, ingawa sitawadanganya, kinga ilitosha tu kwa wengi wao, kwahiyo kama ulishampa usilie.

Alafu vitabu vinasema "angalia wekundu". Wekundu gani? Kwa ngozi ya mtoto wetu mweusi wa Tandika wekundu utautafuta mpaka jioni. Unachoona ni ngozi inang'aa, imevutika, imekuwa nyeusi zaidi au ina rangi ya zambarau. Tumia mgongo wa mkono upime joto, linganisha na paja la pili. Na nikiri hapa, siku ya pili hata mimi mara nyingine siwezi kutofautisha uvimbe mkubwa wa kawaida na maambukizi yanayoanza. Ninachofanya nachora kwa biro mpaka wa uvimbe, namwambia mama rudi kesho. Ukivuka mstari na mtoto kachemka, tunaanza dawa. Ukirudi nyuma, tunampigia makofi. Sijawahi kuliona hilo la biro kwenye semina yoyote ila linanisaidia kuliko semina.

Lingine la upande wetu ambalo hatupendi kulisema: sio kila uvimbe ni wa mwili wa mtoto. Penta ikiganda kwenye friji inaharibika, alumini inajikusanya mabonge, na ukiichoma hiyo inaweza kuleta jipu lisilo na mdudu, achilia mbali kwamba kinga haipo. Ndio maana tunatikisa kichupa na kuangalia kinavyotua. BCG nayo ikishachanganywa ni masaa sita tu, baada ya hapo inamwagwa hata kama kimebaki nusu, kwahiyo ukiambiwa njoo siku ya BCG usifikiri tunakubania. Kwahiyo mzazi ukiniuliza kuhusu friji yetu una haki, sitanuna. Ila uliza kuhusu friji, usianze na "nesi kamchoma vibaya".

Surua-rubela ya miezi tisa na ya miezi kumi na nane yenyewe inaweza kuleta vipele wiki moja hadi mbili baadaye na kahoma kidogo, vinapotea ndani ya siku chache. Ila vipele vya kuwasha mwili mzima vikitoka ndani ya dakika chache baada ya sindano, uso unavimba, anapumua kwa shida au analegea, hiyo ni nyingine kabisa, ni sindano ya adrenalini palepale. Ni nadra mno, lakini ndio sababu tunawaambia mkae nusu saa kwenye benchi, sio kwamba tunapenda sura zenu.

Mlete haraka pia kama kidonda cha BCG kinazidi kupanuka, au vinatokea vingine mwilini, au ana homa zisizoisha na uzito haupandi, hasa kama mama anaishi na VVU na mtoto hajapimwa. Hapo bakteria wetu wapole wanaweza wasiwe wapole.

Na kovu je? Wengi tulifundishwa mtoto akikosa kovu baada ya miezi mitatu, mrudie. WHO 2018 ikasema kukosa kovu sio ushahidi kwamba kinga haipo, usirudie. Sawa. Lakini kuna tafiti za Guinea-Bissau zilizoona watoto waliochanjwa wakapata kovu walifariki wachache kuliko waliochanjwa wakakosa. Kwahiyo siwarudii, lakini nikikuta bega laini kabisa, nalitazama mara mbili.

Yule mtoto wa juzi alikuwa amechelewa wiki nzima chanjo za wiki ya sita kwasababu nyumbani walikuwa wanasubiri kidonda kipone kwanza. Hakuna kitu kama hicho, wangesubiri mpaka krismasi. Tukampa penta paja moja, PCV ya nimonia paja la pili, matone ya polio na ya rota (ya kuhara) mdomoni. Bibi akanitazama.

"Na hapa napo nisipake kitu?"

"Napo, bibi."

Akafungua mkoba akatoa ile tyubu ya dawa ya meno akaniwekea mezani, nikaitia kwenye droo na zile mbili nyingine.