Je, wajua kwa nini pesa ya viza lazima ilale benki siku 28?

Jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, ana ng'ombe wake Bahi. Binti yake alipomaliza UDOM na kupata nafasi ya shahada ya uzamili Uingereza, mzee hakubabaika. Aliswaga ng'ombe mnadani, akauza na kiwanja kimoja, pesa yote akaipeleka benki. Salio lilitosha na kubaki. Viza ikakataliwa. Barua ilieleza kwamba pesa ilikuwa imekaa kwenye akaunti siku 19 tu.

Alinijia na barua hiyo mkononi. "Mwalimu," akaniuliza, "pesa ni yangu, sijaiba, na ipo. Sasa siku zinahusika vipi?"

Nimekutana na swali hilo mara nyingi, maana wazazi wengi wa huku kwetu hugundua sharti la siku baada ya kukataliwa, sio kabla. Ngoja nilijibu kwa nafasi.

Nchi inayompokea mgeni kwa muda mrefu huwa na wasiwasi mmoja: akiishiwa, au akiugua, nani atalipa? Wasiwasi huo ni wa zamani. Mwaka 1882 Marekani ilitunga sheria ya uhamiaji iliyowapa maofisa wa bandarini uwezo wa kumrudisha mtu yeyote asiyeweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma. Sheria hiyohiyo ilitoza senti 50 kwa kila mhamiaji aliyeshuka melini, na sehemu ya kazi ya fedha hizo ilikuwa kuwasaidia waliofika wakiwa na shida. Enzi hizo ofisa alimwona mtu kwa macho yake, akatazama mavazi, afya na mfuko. Leo anayeamua ombi la binti wa Nkuhungu huenda asikutane naye kabisa. Anachokiona ni karatasi, na karatasi hiyo lazima imweleze yale ambayo zamani macho yalieleza.

Shida ni kwamba salio la siku moja haliwezi kueleza mengi. Mtu mwenye ndugu watano wenye uwezo anaweza kumwomba kila mmoja amwekee milioni saba Ijumaa, akachukua taarifa ya benki yenye muhuri, na Jumatatu kila mtu akarudishiwa chake. Karatasi itapendeza lakini pesa haipo. Ila muulize ndugu huyohuyo kama milioni zake saba zinaweza kulala kwako mwezi mzima, huku ada za watoto na mbolea vikimsubiri. Hapo wengi watakuaga. Siku 28 ni kichujio cha namna hiyo: pesa ya kuazima haipendi kukaa sana, pesa ya mwenyewe hukaa.

Kwa viza ya mwanafunzi wa Uingereza hesabu iko hivi. Salio linatakiwa lisishuke chini ya kiwango kwa siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hesabu hiyo isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma ombi. Mfululizo maana yake ni mfululizo kweli. Ukitoa laki tano kwa ajili ya msiba na salio likashuka chini ya kiwango, hata ukizirudisha kesho yake, umeanza upya siku ya kwanza. Tangu Novemba 2025 kiwango cha kujikimu ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa anayesoma nje ya London na pauni 1,529 kwa anayesoma London, kwa miezi isiyozidi tisa. Kwa hiyo anayekwenda nje ya London kwa mwaka mzima wa masomo anaonyesha pauni 10,539, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 30, juu ya ada ambayo bado hajalipa. Na kama pesa imewekwa kwa shilingi, itabadilishwa kwa kiwango cha siku ya kutuma ombi. Shilingi yetu ilipanda na kushuka sana kati ya 2024 na 2025, kwa hiyo anayeweka kiasi kilekile kilichotajwa bila ziada anajiweka pabaya. Mimi huwaambia waongeze angalau sehemu moja ya kumi.

Halafu kuna jambo la jina, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linagonga moja kwa moja namna tunavyoishi. Kwetu mtoto husomeshwa na ukoo. Baba mkubwa anatoa, mjomba anatoa, shangazi wa Kondoa anatuma, na kikundi cha VICOBA kinakopesha. Uingereza inakubali akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, ya mwenza wake, ya mzazi au ya mlezi anayetambulika kisheria. Mjomba hayumo. Anaweza kuwa ndiye aliyemlipia tangu chekechea, lakini salio lake halihesabiwi mpaka pesa iingie kwenye akaunti ya mtoto au ya mzazi, na siku 28 zianzie hapo. Pesa ikiwa kwenye akaunti ya mzazi, ambatisha cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi ya kuridhia. Na hapa ndipo familia nyingi hukwama: cheti kina jina la baba kama alivyobatizwa, akaunti ya benki ina jina la ukoo, na hakuna anayejua nyaraka za kurekebisha zipo wapi. Anza na cheti kabla hujaanza na pesa.

Ng'ombe je? Mashamba ya zabibu? Hayo ni mali, na hapa Dodoma kila mtu anajua ni mali. Lakini ofisa anatafuta kitu kinachoweza kulipa kodi ya chumba Ijumaa hii, na ng'ombe aliyeko Bahi hawezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leo ni akaunti. Tatizo ni kwamba msimu wetu hauendani na kalenda ya vyuo vya huko. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba huleta pesa wakati masomo ya Septemba yameshaanza. Anayetegemea shamba ajipange kwa mavuno ya mwanzo wa mwaka, au auze mifugo mapema, kabla kiangazi hakijaikondesha na kuishusha bei. Na karatasi za mauzo zihifadhiwe zote: mkataba wa kuuza kiwanja wenye muhuri wa serikali ya mtaa, risiti za mnadani. Milioni 35 zinazotua siku moja kwenye akaunti iliyozoea laki mbili zitaulizwa zimetoka wapi, na swali hilo lina haki ya kuulizwa.

Ujerumani imechukua njia nyingine, na kwa maoni yangu ni njia ya wazi zaidi. Haihesabu siku. Inamtaka mwanafunzi aweke pesa ya mwaka mzima kwenye Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungiwa, ambayo hata mwenyewe haruhusiwi kuitoa yote kwa pamoja. Tangu Septemba 2024 kiasi cha kawaida ni euro 11,904. Akishafika, anafunguliwa euro 992 kila mwezi. Pesa hiyo inaweza kutoka kwa mjomba, shangazi au kikundi, kwa kuwa ikishafungiwa haiwezi kurudi kwao kimyakimya.

Huenda umejiuliza viwango hivi hutoka wapi. Havikuokotwa. Ile euro 992 inaendana na kiwango cha juu cha BAföG, msaada ambao serikali ya Ujerumani huwapa wanafunzi wake wenyewe. Uingereza nayo imefungamanisha kiwango chake na mikopo ya kujikimu ya wanafunzi wazawa. Hispania hutumia kipimo chake cha kipato kiitwacho IPREM, euro 600 kwa mwezi. Kila nchi inasema: kijana wetu anaishi kwa kiasi hiki, na wewe tuonyeshe unacho.

Sasa bima. Hapa watu wengi huchanganya safari fupi na kukaa. Ile bima ya euro 30,000 inayouzwa na mawakala wengi ni sharti la viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya siku zisizozidi 90, kwa kanuni ya mwaka 2009. Anayekwenda kusoma au kufanya kazi kwa mwaka anaingia kwa viza ya nchi husika, na kila nchi ina sharti lake. Ujerumani humtaka mwanafunzi ajiunge na bima ya afya ya huko anapojisajili chuoni, kwa hiyo bima ya safari humfaa kwa majuma yale ya katikati, tangu anaposhuka uwanja wa ndege hadi siku ya usajili. Mwenye zaidi ya miaka 30 awe macho, kwa sababu kiwango nafuu cha wanafunzi kwenye bima ya umma hukoma anapofikisha umri huo, na wengi wetu hupata nafasi ya uzamili tukiwa tumeshauvuka.

Uingereza haiulizi bima kabisa. Inatoza tozo ya afya pamoja na ombi la viza, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, naye anatibiwa kwenye hospitali za umma. Viza ikikataliwa, tozo hiyo hurudishwa, na ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yangu. Ada ya ombi ndiyo haikurudi.

Marekani, kwa wanaokwenda na viza ya J-1 ya mabadilishano, sheria imeandika viwango moja kwa moja: angalau dola 100,000 za matibabu kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa, na dola 25,000 za kurudisha mwili nyumbani. Kipengele hicho cha mwisho hatupendi kukisoma. Kisome. Kwetu mtu huzikwa kwao, na kila aliye na ndugu ughaibuni anajua michango inayozunguka kwenye simu usiku na mchana ili mwili mmoja urudi. Kabla hujalipia bima, muulize wakala kwa Kiswahili cha kawaida: mtoto wangu akifa huko, nani atamleta, na kwa kiasi gani? Asipokuonyesha mstari wenye jibu hilo ndani ya mkataba, nenda kwingine. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ndiyo inayosajili kampuni na mawakala hapa nchini, kwa hiyo uliza usajili wake pia.

Wapo wanaoona masharti haya kama dharau kwa Mwafrika. Machungu hayo nayaelewa, lakini tangu Oktoba 2024 Zanzibar nayo humtaka mgeni kutoka nje ya nchi anunue bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar kabla ya kuingia. Wasiwasi ni uleule, nani atalipa akianguka pale Nungwi.

Jirani yangu hakukata tamaa. Tulikaa na kalenda ukutani kwake. Pesa yote, pamoja na mchango wa mjomba, ilikuwa imekamilika kwenye akaunti yake tarehe 3 Juni. Siku ya 28 ikaangukia tarehe 30 Juni. Taarifa ya benki ikachukuliwa tarehe 1 Julai, na binti alikuwa na nafasi ya kutuma ombi hadi tarehe 31 Julai. Alilituma tarehe 4. Katika siku zote hizo mzee aliacha kadi ya benki kabatini, akakopa dukani unga na sukari.