Mtoto wa Wiki 6 Analia Jioni Nzima: Mzazi Ufanye Nini?

Kina mama wengi wanaokuja kliniki yetu ya mama na mtoto huliweka swali hili mwisho, kadi imeshaandikwa na mtoto amefungwa mgongoni: "Nesi, mbona analia hivi? Au maziwa yangu hayatoshi?"

Watoto wengi huzidisha kulia wakifikisha wiki 2, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupunguza kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Vilio vingi ni vya alasiri na usiku, hata mtoto akiwa ameshiba na nepi ni kavu. Kama uzito unapanda na anakojoa vizuri, maziwa yanatosha. Bibi akileta dawa ya mchango, mwelezeni kwa heshima kwamba hadi miezi 6 mtoto anahitaji maziwa ya mama tu, hata maji bado, isipokuwa dawa aliyoandikiwa hospitali.

Katika majuma hayohayo mtoto huanza kutabasamu kwa kukusudia: anakukazia macho, anatulia, kisha mdomo unafunguka na miguu inarusharusha kanga. Ndiyo maana mzazi aliyeyeyuka kwa furaha asubuhi anaweza, ikifika saa 3 usiku, kutamani kuikimbia nyumba. Hilo halimfanyi mzazi mbaya. Tunaomba lisemwe, maana anayelificha hubaki peke yake na hasira yake.

Hasira hiyo ndiyo humfanya mtu amtikise mtoto. Shingo yake haijakaza na kichwa ni kizito. Sekunde chache tu za kutikiswa kwa nguvu zinaweza kupasua mishipa ya damu kichwani, zikampofusha au kumuua. Ukiona unapandwa na hasira, mlaze chali mahali salama, toka nje, vuta pumzi, mwite jirani. Akilia dakika 10 hatadhurika. Baba naye asingoje kuombwa. Ampokee mtoto, mama alale.

Akiwa na homa, akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, akilegea au kupata degedege, nendeni kituo cha afya usiku huohuo. Na mama ambaye huzuni yake imedumu zaidi ya wiki 2 tangu ajifungue, hata tabasamu la mwanawe halimgusi tena, ana ugonjwa unaotibika. Aje atuone, hata kama tarehe ya kliniki ya mtoto haijafika.