Asetileni kwenye tope: kipimo rahisi kinachodanganya kirahisi

Nitrojeni ni asilimia 78 ya hewa, lakini mmea hauwezi kuila ilivyo. Wanaoweza kuigeuza kuwa amonia ni bakteria na arkea (vijidudu vinavyofanana na bakteria lakini vya ukoo mwingine) wenye kimeng'enya cha nitrojenasi tu, nao hulipa ghali: molekuli 16 za ATP, yaani sarafu ya nishati ya seli, na elektroni 8 kwa kila molekuli ya nitrojeni. Oksijeni huharibu kimeng'enya hicho, kwa hiyo tope lisilo na hewa ni makao mazuri kwao, liwe la baharini au la Ziwa Kivu, ambako maji ya chini ya mita 60 hivi hayana oksijeni.

Swali ninaloulizwa sana: tope limejaa amonia tayari, kwa nini kijidudu ajisumbue kunasa nitrojeni, yaani kuigeuza kuwa amonia? Mantiki ni nzuri, ila vipimo haviikubali. Mwaka 2009 kundi la watafiti Dekas na Orphan lilionyesha kwamba arkea wanaokula methani kwenye mashapo ya kina kirefu nje ya California hunasa nitrojeni.

Unasaji huo hupimwa kwa gesi ya asetileni: nitrojenasi huigeuza nayo kuwa ethileni, na ethileni hupimika kwa kromatografu ya gesi, mashine inayotenganisha gesi na kuzipima. Chukua chupa ya mililita 120, weka mililita 40 za tope na 20 za maji yaliyokuwa juu yake, fukuza hewa kwa argoni (gesi isiyoingiliana na chochote), ziba kwa mpira mzito. Toa mililita 12 za gesi, ingiza 12 za asetileni. Wengi huweka 6 ili wapate asilimia 10 ya nafasi ya juu, wakisahau kuwa asetileni huyeyuka sana majini: karibu nusu yake itazama kwenye tope.

Hapa Bukavu asetileni hupatikana kwa mawe ya kabidi yanayotiwa maji, kama wafanyavyo mafundi wa kuchomelea vyuma. Gesi hiyo ina uchafu wa fosfini, basi ioshe kwanza. Bomba la shaba usilitumie kamwe. Shaba na asetileni hutengeneza kitu kinacholipuka.

Pima saa 0, 4, 8 na 24. Chupa za ulinganisho ni tatu: tope bila asetileni, asetileni bila tope, na tope ambalo vijidudu vyake vimeuawa. Ya pili ndiyo inayofichua ethileni itokayo kwenye gesi au kwenye kizibo chenyewe.

Halafu hesabu. Tuko kwenye mita 1,500 hivi, shinikizo la hewa ni karibu hektopaskali 850. Ukiandika 1,013 ya usawa wa bahari kutoka kitabuni, matokeo yanapanda kwa karibu asilimia 19, na hakuna atakayegundua.

Kosa baya zaidi halionekani kabisa: asetileni huzuia vijidudu vinavyotengeneza methani, na baadhi ya vinavyopumua salfeti badala ya oksijeni. Kama hao ndio wanasaji wa nitrojeni wenyewe, umewanyamazisha kwa kipimo chako, na saa 24 zitatoa namba ndogo kuliko ukweli. Ndiyo maana uwiano wa ethileni tatu kwa nitrojeni moja, unaotumika kukadiria nitrojeni iliyonaswa, siuamini kwenye tope mpaka uhakikishwe kwa gesi ya nitrojeni-15, nitrojeni nzito inayoweza kufuatiliwa. Nayo iache muda iyeyuke, maana povu lililoingizwa kwa sindano huyeyuka polepole.

Kujua kama wanasaji ni wale wanaopumua salfeti, ongeza molibdati, chumvi inayowazuia, kwenye chupa nyingine. Tope la bahari huhitaji milimoli 20 kwa lita, kwa kuwa maji yake yana salfeti milimoli 28. Kwa tope la ziwa, pima salfeti kwanza, kisha punguza molibdati.