Je, wajua kwa nini nyimbo nzito za George Harrison zilionekana kuja ghafla?

Frank Sinatra aliupenda sana wimbo "Something", na jukwaani aliwahi kuutambulisha kuwa kazi ya John Lennon na Paul McCartney. Mtunzi wake ni George Harrison, mpiga gitaa mwenzao katika The Beatles, bendi ya Uingereza ambayo Lennon na McCartney walikuwa watunzi wake wakuu. Hadi leo wapo wanaousikia na kuwapa sifa wale wawili.

Hata wanaomjua mtunzi mara nyingi husimulia hivi: Harrison, mdogo kuliko wote katika bendi, alikaa kimya miaka mingi nyuma ya watunzi wawili mahiri, akaenda India, akajifunza sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi, kisha mwaka 1969 akachanua ghafla kwa "Something" na "Here Comes the Sun". Simulizi hiyo ni tamu, ila tarehe zinaikataa.

Tuanze na India. Harrison alipiga sitari kwenye "Norwegian Wood" mwaka 1965, na mwaka uliofuata akaenda India kujifunza kwa Ravi Shankar, bingwa wa sitari. Safari ile iligeuza imani yake, na bila India "Within You Without You" ya 1967 isingekuwepo. Lakini "Something" haina sitari ndani yake. Alipoutunga alikuwa amekwisha kurudi kwenye gitaa.

Neno lenye kasoro zaidi ni hilo "ghafla". Hesabu nafasi alizopewa: wimbo mmoja kwenye albamu ya pili ya mwaka 1963, hakuna hata mmoja kwenye albamu mbili za 1964, mmoja tu kwenye "Sgt. Pepper" ya 1967, minne kati ya 30 kwenye albamu ya 1968 inayojulikana kama "albamu nyeupe", miwili kwenye "Abbey Road". Albamu hizo zinatuonyesha nafasi aliyoachiwa. Hazituonyeshi alichokuwa ametunga. Katika mazungumzo yaliyonaswa studioni Januari 1969, "Isn't It a Pity" unatajwa kuwa wimbo uliokwisha kukataliwa miaka kama mitatu nyuma. Kwa hiyo wimbo wa majuto juu ya jinsi watu wanavyoumizana ulikuwepo karibu na 1966, wakati mashabiki walimjua zaidi kwa kulalamikia kodi ya serikali katika "Taxman". Ukipanga nyimbo zake kwa tarehe za kutolewa, utaona mruko ambao haukuwahi kutokea.

Hata hivyo kukua kulikuwepo. Wimbo wake wa kwanza, "Don't Bother Me", aliutunga mwaka 1963 akiwa mgonjwa hotelini, akijijaribu kama anaweza kutunga. Anayeimba ameachwa na mpenzi na anawafukuza watu wote. Anajua anachohisi na hataki maswali. Mwaka 1966, katika "I Want to Tell You", mwimbaji ana mengi ya kusema na maneno yanamkimbia, na piano inagonga noti isiyopatana na kodi ya gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Hapo kushindwa kusema kumepata sauti yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa, na ni ajabu kwamba inazungumzwa kidogo sana.

Miaka miwili baadaye, katika "While My Guitar Gently Weeps", besi inashuka ngazi kwa ngazi huku sauti za juu zikibaki palepale. Katika "Something" mbinu inayofanana inafanywa kwa utulivu zaidi. Waimbaji wa kwaya watanielewa haraka: ubeti unaanza na msingi wa do. Msingi hausogei, lakini ndani ya kodi noti moja inateremka: do, kisha ti, kisha nusu hatua chini ya ti, na inapofika la ndipo msingi nao unahamia fa. Ni kama kusimama ufukweni bahari inapokupwa. Hujapiga hatua hata moja, mchanga ni uleule chini ya nyayo, lakini maji yaliyokuwa magotini yameshuka hadi vifundoni, na mwili umetambua badiliko kabla macho hayajalitafuta. Msikilizaji wa "Something" husikia kwanza utulivu wa mapenzi, na chini yake kitu kinachopungua. Kisha kwenye daraja la wimbo, sehemu ya kati inayotofautiana na beti, muziki unahamia ufunguo mwingine, mwimbaji anaulizwa kama mapenzi yake yatakua, naye anajibu kwamba hajui. Katika wimbo wa mapenzi wa bendi maarufu kuliko zote, jibu hilo lina ujasiri mkubwa.

Inawezekana muziki wa India, wenye sauti moja inayovuma bila kukoma chini ya wimbo, ulimzoesha kushikilia kitu kimoja huku kingine kikisogea. Wazo hilo linanivutia, lakini "Michelle" ya The Beatles hao hao na nyimbo nyingi za Magharibi zina mteremko wa namna hiyo bila India, kwa hiyo halithibitishi kitu.

Bendi ilipovunjika, Harrison alitoa "All Things Must Pass", Novemba 1970: sahani tatu za santuri kwa mpigo. "Isn't It a Pity" umo humo mara mbili, katika matoleo mawili tofauti.