Vidonge vya vitamini E havizuii kupooza

Kigoma bado wapo wanaowanunulia wazee vidonge vya vitamini E ili wasipooze. Vitamini hiyo kweli hulinda mishipa ya fahamu, ila upungufu wake ni nadra, na mla mawese huipata mezani. Wanaookolewa na dozi kubwa ni wachache: waliozaliwa na hitilafu ya jeni inayouzuia mwili kuitunza, au ambao matumbo yao hayafyonzi mafuta vizuri. Hao wakichelewa huanza kuyumba, hata kushindwa kutembea. Kwa ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, jaribio la Marekani na Kanada lililochapishwa 1993 halikuona faida. Kinachowapoozesha wengi ni kiharusi, na chanzo chake kikubwa ni presha. Dozi kubwa za vitamini E zinaweza hata kuongeza kiharusi cha kuvuja damu ubongoni.