Neno “lagom” halikutoka kwenye pembe ya pombe

Jumamosi iliyopita nilisimuliwa tena, mezani, hadithi ya pembe: ati Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, walipitishiana pembe ya pombe ya asali, kila mmoja akinywa kiasi ili wenzake nao wapate, na kwa kuwa pembe ililizunguka kundi zima, laget om, Waswidi wakapata neno lagom, yaani “kiasi”. Nimetafsiri Kiswidi kwa miaka mingi, na hadithi hii imenichosha, kwa sababu inafunika asili iliyo nzuri kuliko yenyewe.

Lagom ni umbo la wingi la lag, “sheria”, katika uhusika wa datifu, yaani umbo la nomino linalobeba maana kama “kwa”, ambao Kiswidi cha leo kimeuacha. Maana yake ilikuwa “kwa mujibu wa sheria”, yaani inavyopasa. Kiaislandi, lugha ya ukoo mmoja na Kiswidi, bado kina datifu, na ndiyo maana anayesoma Með lögum skal land byggja, “nchi na ijengwe kwa sheria”, anamwona ndugu wa lagom waziwazi katika lögum. Stundom, “mara nyingine”, lilizaliwa hivyo hivyo kutokana na stund, “kitambo”. Mswidi wa leo hakihisi tena kiambishi hicho cha -om, kama sisi tunavyosema pwani bila kukumbuka kwamba ndani yake mna kupwa kwa maji na -ni ya mahali.

Linaloniudhi zaidi ni hoja ya sarufi. Watetezi wa pembe hunionyesha året om, “mwaka mzima”, wakisema kwamba om huweza kukaa nyuma ya nomino. Ni kweli, huweza. Lakini itazameni hiyo -et, alama ya umahususi (kama the ya Kiingereza) iliyogandishwa mwishoni mwa nomino: katika året om haikudondoka, na hakuna Mswidi asemaye årom. Ili laget om ligeuke lagom, -et ingelazimika kutoweka bila sababu na bila mfano wa kuiunga mkono. Tena ett lag, “timu”, na en lag, “sheria”, leo ni nomino mbili zenye jinsi tofauti za kisarufi, ingawa zote zimetokana na shina moja na lägga, “kuweka”.

Hapo nina shaka ambayo vitabu vya kufundishia huiruka. Kifaa kilichoharibika husemwa kiko i olag, “bila utaratibu”, na lag hiyo ni utaratibu, wala si sheria ya mahakamani. Kwa hiyo naelekea kuamini kwamba waliotamka lagom mwanzoni walifikiria desturi na mpango ufaao kuliko kifungu chochote cha sheria.

Wala si kweli kwamba neno hili halitafsiriki. Jioni ile ile mwenyeji wetu alinimiminia maziwa kwenye kahawa, nami nikamwambia lagom. Mgeni kutoka Tanga aliyekaa kando yangu, asiyejua Kiswidi, alipofikiwa aliinua kiganja na kusema “kiasi”, na birika la maziwa likasimama pale pale.